Udongo Hauokolewi kwa Amri

Masika yanapoingia Pemba, maji yateremkayo vilimani hubeba rangi ya udongo. Rangi hiyo ni shamba la mtu linalokwenda baharini, wala halirudi.

Wenzetu wa Bara wanaukumbuka mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kusudi lilikuwa kuhifadhi udongo, lakini mwenye shamba hakushauriwa, aliamrishwa. Ghasia zikazuka, na mpango ukafa.

Marekani ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine. Baada ya vumbi la mashamba kufunika miji katika miaka ya 1930, Rais Roosevelt aliwaandikia magavana mwaka 1937, akiwataka watunge sheria za kuunda wilaya maalumu za kuhifadhi udongo. Ya kwanza, Brown Creek, iliundwa North Carolina mwaka huo huo. Leo zinakaribia 3,000. Aghalabu wasimamizi wake huchaguliwa na wenyeji. Mkulima hujiunga kwa hiari, na mtaalamu huja shambani kupima mteremko na kushauri.

Elimu ni ile ile. Kilichotofautiana ni mwenye kauli.

Kwa hiyo twawaomba maofisa wetu na mabwana shamba: kaeni na wakulima kabla ya kuchora ramani. Nanyi ndugu wakulima, msingoje kuagizwa. Limeni kwa kuukata mteremko, msiufuate. Pandeni miti penye mwinamo mkali. Visiwa vyetu ni vidogo. Udongo ukishakwenda, hapana pa kuuazima.