Njia ya Miguu na Baiskeli

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Tulitazame jambo hili hapa Buigiri. Barabara kuu ya Morogoro imejaa malori na mabasi. Mwanafunzi, na mwenye gunia la alizeti juu ya baiskeli, wanahitaji njia yao. Kule Dar es Salaam barabara hiyohiyo ilijengewa njia za miguu na za baiskeli pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kazi mwaka 2016. Apitaye humo hadaiwi nauli wala hasukumani na lori. Kwetu ipo shule ya wasioona. Miiba ya boma ikitupwa njiani, sisi tunaoona tunaikwepa. Mwenye fimbo nyeupe inamchoma. Njia ikifagiliwa, anafika peke yake bila kushikwa mkono.