Nyumba, Mkopo na Rangi: Utajiri wa Marekani Ulivyogawanywa

Nchini Marekani, pengo la utajiri kati ya Weupe na Weusi ni kubwa kuliko pengo la kipato. Kwa takwimu za Benki Kuu ya nchi hiyo za mwaka 2022, ukizipanga kaya zote za Weupe kuanzia maskini hadi tajiri, ile ya katikati ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Ya Weusi ilikuwa na takriban dola 45,000. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Mishahara peke yake haielezi tofauti hiyo, maana kipato cha kaya ya Weupe hakifiki hata maradufu ya kile cha kaya ya Weusi. Jibu liko kwenye mali iliyolimbikizwa na kurithishwa, na kwa familia ya kawaida ya Kimarekani mali hiyo ni nyumba. Kwa hiyo kinachoitwa upendeleo wa Weupe hueleweka vizuri zaidi katika hati za nyumba na vitabu vya mikopo kuliko katika matusi ya barabarani.

Msingi uliwekwa mapema. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za ardhi ya umma iwapo angeishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Walionufaika kwa wingi walikuwa Weupe, tena katika ardhi waliyonyang'anywa wenyeji wa bara hilo. Januari 1865 Jenerali William Sherman aliamuru familia zilizotoka utumwani zipewe mashamba yasiyozidi ekari 40 katika pwani ya Carolina Kusini, Georgia na Florida. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikuwa ameshaagiza sehemu kubwa ya ardhi hiyo irudishwe kwa mabwana wa zamani.

Utaratibu uliojenga tabaka la kati la leo, hata hivyo, ni wa miaka ya 1930. Uchumi ulikuwa umeporomoka na familia nyingi zilikuwa zikipoteza nyumba kwa kushindwa kulipa mikopo. Mwaka 1933 serikali ya Franklin Roosevelt iliunda shirika la HOLC ili kuwaokoa wenye nyumba, na shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200 kuonyesha mitaa iliyo salama kwa mkopo na mitaa ya hatari. Mtaa bora ulipakwa kijani, uliofuata bluu, kisha njano, na wa mwisho nyekundu. Kila mtaa ulikuwa na fomu yake. Pamoja na umri wa majengo na kazi za wakazi, fomu ilimtaka mthamini ajaze kama Weusi wapo, ni asilimia ngapi, na ni watu gani "wanaojipenyeza". Karibu kila mtaa wa Weusi ulipakwa nyekundu, hata pale ambapo wakazi walikuwa na kazi za uhakika.

Wanahistoria bado wanabishana ramani hizo zenyewe ziliongoza benki kwa kiasi gani. Kuhusu Mamlaka ya Nyumba ya Shirikisho, FHA, iliyoanzishwa mwaka 1934, ushahidi uko wazi. FHA haikukopesha, ilidhamini mikopo ya benki, na kwa dhamana hiyo benki zikakubali malipo madogo ya mwanzo na marejesho ya miaka 20 na zaidi. Mfanyakazi wa kiwandani akaweza kumiliki nyumba kwa fedha ambazo angelipia pango. Lakini mwongozo wa wathamini wa FHA ulihesabu mchanganyiko wa rangi kuwa hasara, na ulihimiza hati za viwanja ziwe na sharti la kubagua wakazi kwa rangi.

Jinsi jambo hilo lilivyofanya kazi inaonekana mpaka leo Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Weupe kando ya mtaa wa Weusi, na FHA ikasita kudhamini mikopo. Akajenga ukuta wa zege kati ya mitaa hiyo miwili, kimo chake kama mita moja na nusu hadi mbili, urefu wake kama mita 800. Mikopo ikakubaliwa. Ukuta huo haukuweza kumzuia mtu yeyote kupita, kwa sababu ulikuwa na mwanzo na mwisho. Kazi yake ilikuwa kumridhisha mthamini wa serikali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango huo wa kudhamini mikopo ulikua. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorejea nafasi za masomo na mikopo ya nyumba yenye dhamana, lakini mikopo ilipitia benki za mahali. Katika jimbo la Mississippi, kati ya mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa mwaka 1947, miwili tu ilikwenda kwa askari Weusi. Huko Levittown, New York, kulikojengwa nyumba zaidi ya 17,000, mikataba ya awali ya upangaji ilikataza asiye Mweupe kuishi humo, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Nyumba hizo ziliuzwa kwa takriban dola 8,000. Leo huuzwa kwa mamia ya maelfu, na faida hiyo imesomesha watoto na kuanzisha biashara za wajukuu.

Weusi walionyimwa mikopo walinunua kwa njia ghali zaidi. Katika mtaa wa North Lawndale, Chicago, walanguzi waliwauzia nyumba kwa mkataba wa malipo ya kidogo kidogo, kwa bei iliyopandishwa mno, huku hati ikibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Aliyekosa kulipa mwezi mmoja aliweza kufukuzwa na kupoteza yote aliyokwisha kulipa. Wengine walifanya kazi mbili kwa miaka wasipate chochote cha kurithisha.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya ubaguzi yaliyo katika hati, na mwaka 1968 Bunge lilipiga marufuku ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Hatua hizo zilifungua mlango wakati bei zilikwisha kupanda, na hazikumrudishia mtu kilichopotea. Tena shule za umma hutegemea sana kodi ya majengo ya eneo husika, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ilikataa kuona ukiukaji wa katiba katika tofauti ya fedha za shule inayotokana na utaratibu huo. Mtaa ulionyimwa mkopo ukabaki na majengo ya bei ya chini, na kwa hiyo na shule yenye fedha kidogo.

Hoja ya kawaida ya kupinga haya yote ni kwamba wako Weupe maskini wengi. Ni kweli, na maskini wa milima ya Appalachia hawapaswi kubezwa. Lakini upendeleo huu haumaanishi kila Mweupe ni tajiri; unamaanisha kwamba rangi haikuwa kikwazo miongoni mwa vikwazo vyake. Haukuishia kwenye nyumba, pia. Katika utafiti wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan uliochapishwa mwaka 2004, barua za kuomba kazi zenye sifa zilezile zilitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago. Zile zenye majina yanayohusishwa na Weupe zilipata majibu kwa asilimia 50 zaidi.

Malipo ya hasara waliyopata Weusi yameanza kwa uchache. Mwaka 2021 mji wa Evanston, Illinois, uliidhinisha hadi dola 25,000 za nyumba kwa kila mmoja wa Weusi walioishi humo kati ya 1919 na 1969 au vizazi vyao. Bungeni Washington, muswada wa kuunda tume ya kuchunguza fidia uliwasilishwa mara ya kwanza na mbunge John Conyers mwaka 1989. Umerudishwa tena na tena, na haujapitishwa.