Barua Pepe kwa Masikio

Mwalimu asiyeona anayefundisha Masakta, wilayani Hanang, akitaka kumwandikia ofisa elimu aliyeko Katesh, hana haja ya kutafuta kijana wa kumwandikia, kisha mwingine wa kumsomea majibu. Kompyuta inaweza kumsomea, na bure.

Programu yenyewe ni NVDA. Aliianza Michael Curran wa Australia mwaka 2006, akiudhika kwamba asiyeona, akishanunua kompyuta, alitakiwa kutoa tena mamia ya dola ili imsomee. James Teh, rafiki yake tangu utotoni, akaungana naye. Wote wawili hawaoni. Programu hii inakaa hata kwenye flashi: unaichomeka kwenye kompyuta ya shule, unaifungua, inaanza kusema.

Kipanya kinawekwa kando. Katika Outlook, Control na N hufungua barua mpya, Tab humtoa mwalimu kwenye anwani hadi kichwa cha barua, Alt na S hutuma. Control peke yake huinyamazisha sauti, na kwa anayeanza hicho ndicho kitufe cha kujua mapema, maana programu hii haichoki kusema. Sauti ya Kiswahili imo ndani. Ni kavu, tena ya kiroboti, lakini inaeleweka, kwa kuwa Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtu akisahau kuiondoa ya Kiingereza, hata “Ndugu, salaam” haitambuliki.

Imla ndiyo yenye mizengwe. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, na maneno ya kawaida inayapata vizuri. Ila inataka mtandao, yaani bando, na kwenye hati za Google haipokei amri za nukta na mkato kwa Kiswahili, hivyo barua hutoka kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi. Halafu yapo majina. Itamkie Tluway, jina la Kiiraqw, kisha pita kwa mshale herufi moja moja usikie ilichoandika. Mimi ningemshauri mwalimu aanze na vidole kumi. Vinundu vya F na J vimewekwa kwenye kibodi ili vidole vijue mahali pake bila macho.

Anaandika, anatuma, anajibiwa. Na jibu ndilo linalomkwamisha. Ofisi nyingi huchapa barua, huigonga muhuri, kisha huipiga picha na kuiambatisha. Kwa programu, hiyo ni picha tu, haina maneno. NVDA inaweza kujaribu kuyatambua, kwa Insert na R, lakini muhuri ukiangukia kwenye tarehe ya kikao, tarehe inaweza kupotea. Karani aliyeichapa barua anayo maneno yote kwenye kompyuta yake. Ayanakili ndani ya barua pepe, juu ya hiyo picha yenye muhuri. Ni kazi ya dakika moja.