Bagamoyo Kunafikika, Kazi ni Kutoka na Mzigo

Kila msimu wa likizo ukiisha yanatufikia malalamiko yale yale. Wenzetu wamekwenda nyumbani Kibaha au Kisarawe, wamewapeleka watoto Bagamoyo kutwa nzima, wamepiga picha, wamenunua vya kununua, na siku ya kuondoka mzigo umezuiwa uwanja wa ndege. Safari hii ni mama mmoja wa Kisarawe aliyefungasha kisanamu cha mwana hiti cha marehemu bibi yake katika sanduku moja na kanga na dagaa. Dagaa walipita. Mwana hiti akabaki.

Njia sitaieleza. Wa Kibaha mnaijua ile ya Mlandizi hadi Makofia, na wa Kisarawe mmeshazoea kuonja foleni ya Dar kwanza. Wala sina haja ya kuwasifia mji. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Tabora na Ujiji iliishia pale, mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao 1868, na Wajerumani walipafanya makao makuu ya koloni lao hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Kama watoto wamechoshwa na Wajerumani, waonesheni Mtaa wa India na muwasimulie habari za Sewa Haji, tajiri aliyezipatia misafara bidhaa na wapagazi, kisha akatoa mali yake kujenga shule na hospitali. Wodi za Muhimbili zenye jina lake ni kumbukumbu yake huyo huyo.

Kwenye mageti ya maeneo ya kihistoria kuna jambo moja la haraka. Kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja, na anayekata tiketi hasikilizi lafudhi yako, anatazama kitambulisho. Ukishachukua pasipoti ya nchi nyingine, kwa sheria yetu wewe ni mgeni hata kama kitovu chako kimezikwa Maneromango. Watoto ni habari nyingine. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa na uraia wa pande mbili mpaka atimize miaka 18, lakini kama mkononi ana pasipoti ya Ujerumani tu, nani atamjua? Shughulikieni pasipoti yake ya Tanzania ubalozini mapema. Kubishana getini juani ni kuwaharibia watoto siku.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana ndipo watu wanapokwama.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964. Inakataza kutoa nchini vitu vinavyolindwa bila leseni, na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 imezitaja waziwazi. Kwa hiyo yule kijana anayekuita pembeni akuoneshe kipande cha mlango "wa enzi za Mwarabu" amekuweka njia panda. Akisema kweli, huwezi kukisafirisha bila leseni. Akisema uongo, umelipa bei ya kale kwa mbao ya mwaka jana. Hapo sioni kwa nini mtu afungue pochi.

Mwana hiti anaumiza zaidi, kwa sababu hakununuliwa. Wazaramo wote mnamjua: kisanamu cha mti kisicho na mikono, anachokaa nacho mwali akiwa ndani. Kwa familia ni urithi. Kwa sheria ni kifaa cha utamaduni kinacholindwa, na haiulizi kama ulikipata dukani au chini ya kitanda cha bibi. Kinachokera ni kwamba wenzake wamo katika makumbusho ya Ulaya tangu enzi za ukoloni, na sidhani kama waliowabeba walipangishwa foleni kuomba leseni. Mjukuu ndiye anayeulizwa karatasi. Na karatasi yenyewe haitolewi pale kaunta ya kukagulia mizigo! Inashughulikiwa na Idara ya Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na maombi ya leseni hayaishi kwa siku moja. Ukianza kuulizia siku ya safari, umekwisha kuchelewa. Anza wiki ya kwanza ya likizo, au mwache mwana hiti kwa shangazi.

Vinyago vipya vilivyochongwa kwa ajili ya wateja havina balaa hilo, ila dai risiti yenye tarehe, jina la duka na maelezo ya kitu. Wachongaji wengi hawana kitabu cha risiti, basi mwandikishe kwenye karatasi na atie sahihi. Ni bora kuliko kuapa mbele ya ofisa.

Mpingo nao una masharti yake. Tangu 2017 umo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa zilizokamilika, zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo katika mzigo mmoja, hazidaiwi kibali cha CITES. Kinyago, bakora, bakuli, sawa. Kigogo ghafi cha kwenda kuchonga mwenyewe huko ughaibuni hakimo katika msamaha huo, hata kiwe kidogo. Hapo waulizeni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nao watawaeleza pia masharti ya ndani. Bangili za pembe na vitana vya gamba la kasa msiviguse kabisa, hata muuzaji akiapa ni vya zamani.

Jambo la mwisho kwa wenye mizigo ya mbao ya aina yoyote: nchi mnakorudi nazo zina wakaguzi wao. Australia, kwa mfano, wanachungulia matundu ya bungua kuliko wanavyotazama uso wako. Kinyago chenye unga unga chini ya kitako kirudishwe kwa fundi kabla hakijaingia sandukuni.