Bodi ya Washauri Tuliyoifuta 2011 (Sehemu ya Nne)

Agosti 2025 Rais William Ruto aliunda kikosi cha pamoja cha kupambana na ufisadi, kiongozwe kutoka Ofisi ya Rais. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikakisimamisha. Mjadala wote ukawa kuhusu mamlaka ya Rais. Kwangu swali kubwa ni hili: mshauri wa kuzuia wizi anapaswa kutumwa na nani?

Tuliwahi kulijibu. Aliyesoma sehemu zilizopita anajua KACA, mamlaka yetu ya kwanza ya kupambana na ufisadi, ilivyozimwa na mahakama Desemba 2000 katika kesi ya Gachiengo. Sasa tufike Mei 2003, ilipoanza kutumika sheria mpya ya kupambana na ufisadi na uhalifu wa kiuchumi. Wengi huikumbuka kwa kuanzisha tume ya KACC. Mimi huvutiwa zaidi na vifungu vyake vya Bodi ya Ushauri.

Wajumbe wa Bodi hiyo hawakuokotwa na waziri. Walipendekezwa na Chama cha Mawakili, wahasibu, mawakili wanawake wa FIDA, waajiri, wenye viwanda, mabenki, muungano wa vyama vya wafanyakazi COTU, wahandisi, wasanifu majengo, madaktari na viongozi wa dini. Kwa jina ilikuwa ya kushauri tu, ila sheria iliipa meno mahali pamoja: mkurugenzi wa KACC na wasaidizi wake walipaswa kupendekezwa na Bodi, wakubaliwe na Bunge, ndipo Rais awateue.

Meno hayo yalijaribiwa mwishoni mwa Agosti 2009. Rais Mwai Kibaki alimrejesha mkurugenzi wa KACC, Jaji Aaron Ringera, kwa miaka mitano mingine, pamoja na manaibu wake Fatuma Sichale na Smokin Wanjala. Bodi, chini ya Okong'o Omogeni, ikasema haikuhusishwa. Katikati ya Septemba Bunge likapiga kura kubatilisha tangazo la uteuzi, na mwisho wa mwezi Ringera akajiuzulu. Mwaka uliofuata uteuzi ulipitia kwa Bodi kama sheria ilivyotaka, na PLO Lumumba akapata kiti cha mkurugenzi. Ni mara ngapi katika historia yetu wahasibu na maaskofu wamepuuzwa na Ikulu, na Ikulu ndiyo ikarudi nyuma?

Lakini Bunge lilelile la Kumi, miaka miwili baadaye, lilipitisha sheria ya kuunda tume mpya, EACC, na Bodi ikaondoka pamoja na KACC. Hong Kong, iliyoanzisha tume yake 1974, bado ina kamati ya raia inayoshauri kuhusu kuzuia rushwa tu: hupitia ripoti kuhusu taratibu za ofisi, nani anafungua zabuni, nani anatia saini, kabla pesa hazijatoka. Sisi tulikuwa na mbegu ya chombo kama hicho, tukaing'oa ikiwa ndiyo kwanza inachipua.

Kwa wasomaji wa Murera, hapa Kiambu, jambo hili halipo mbali. Februari 2025 gavana wa zamani wa Kiambu, Ferdinand Waititu, alihukumiwa faini ya Sh53.5 milioni au miaka 12 gerezani, kuhusu zabuni ya Sh588 milioni ya kutia lami barabara za murram katika Thika, Ruiru, Juja, Limuru na Gatundu Kaskazini. Alikata rufaa. Zabuni yenyewe ilikuwa ya 2018. Miaka saba mtu anakanyaga tope, kisha anaambiwa haki imetendeka!

Kamati za kiraia za kupinga ufisadi katika kaunti zipo, zinafanya kampeni, lakini hazina kauli kuhusu zabuni. Zipewe kauli hiyo kisheria, na wajumbe wake watumwe na vyama vyao, si na gavana. Na sisi tunaompa karani "chai" ili faili isogee, tusidhani wizi huanzia kwa wakubwa. Kabla bodi mpya haijapatikana, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mkazi yeyote wa Murera aliye raia wa Kenya haki ya kuiomba kaunti mkataba wa barabara yake, naye ajibiwe ndani ya siku 21. Anayeridhika kulalamika kwenye matatu asishangae akiibiwa tena.