KIMYA NI HATARI

Wandugu wafanyakazi, tazameni picha hii ya zamani. Ni meli ya kuvua samaki ya Uingereza, Notts County. Imekwama ufukoni huko Iceland, barafu imeifunika.

Mtu wa Kasongo atauliza: «Munganga, mambo ya barafu yatuhusu nini?» Ngojeni kidogo.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1968, dhoruba iliitupa meli hiyo ufukoni. Mabaharia waliita msaada kwa foni. Meli ya walinzi, Odinn, ikawafikia. Watu 18 waliokolewa. Mmoja alikufa kwa baridi.

Lakini tarehe 10 Januari mwaka ule ule, meli nyingine, St Romanus, ilikuwa imetoka mji wa Hull na watu 20, bila fundi wa foni. Habari zake zikakatika. Watu walidhani iko salama. Kazi ya kuitafuta ilianza tarehe 26 tu. Hakuna aliyerudi.

Majira yale meli 3 za Hull zilipotea, watu 58 wakafa. Wake na mama zao, wakiongozwa na Mama Lillian Bilocca, walikwenda London kwa wakubwa wa serikali, wakadai kila meli iwe na fundi wa foni. Wakasikilizwa.

Sasa turudi kwetu, Kasongo na Kabambare. Mimi nimepokea mgonjwa aliyeletwa saa nyingi baada ya kuumia, kwa sababu wenzake waliogopa kumwambia kapita. Kidonda kilikuwa cha kupona. Saa zilizopotea ndizo zilizomwumiza zaidi.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Usiingie shimoni bila kapita kujua jina lako na mahali unapokwenda.

2. Kazi ikiisha, hesabuni watu. Akikosekana mmoja, toeni habari papo hapo. Msiseme «labda amekwisha kwenda nyumbani».

3. Aliyekaa ndani ya maji ya shimo hushikwa na baridi hata katika nchi yetu ya joto. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi kavu. Akiwa na akili zake na aweza kumeza, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari. Msimsugue, wala msimpe lutuku: pombe huzidisha baridi mwilini. Kisha mleteni hospitali.

Ndugu, kutoa habari si kumchongea mwenzako. Ni kumrudisha kwa watoto wake.