Kombe la Ghuba, na kwa nini majirani hutaja 2009

Ukikaa Maskati hata mwaka mmoja, utasikia habari za Kombe la Ghuba: dukani, kwenye teksi, kwa jirani aliyekukaribisha kahawa. Familia kadhaa zimeniuliza ni kombe gani hili. Baba mmoja alisema wanaume wenzake kazini wakianza kulizungumza, yeye hubaki kimya kama mgeni msibani. Basi nawaelezea.

Ni mashindano ya timu za taifa za nchi za Ghuba, yaliyoanzia Bahrain mwaka 1970. Lifikirieni kama Kombe la Chalenji la CECAFA kule kwetu: si Kombe la Dunia, lakini kufungwa na jirani kunauma kuliko kufungwa na Brazil. Oman iliingia mwaka 1974, na kwa miaka mingi ilishika mkia huku Kuwait ikizoea kubeba kombe.

Mambo yalibadilika walipopata kizazi kipya. Mwaka 2004 walifika fainali kule Doha, wakatolewa na Qatar kwa penalti. Mwaka 2007 wakafika tena, Abu Dhabi, wakafungwa 1-0 na Falme za Kiarabu. Mara zote mbili, mwenyeji ndiye aliyewanyima kombe. Januari 2009 ikawa zamu ya Maskati kuwa mwenyeji, na nchi nzima ilijua kwamba wakishindwa nyumbani hawatakuwa na pa kujitetea.

Ndugu zetu Wakongo, kocha mnamfahamu: Claude Le Roy, yule Mfaransa aliyeifikisha Leopards robo fainali ya Kombe la Afrika mwaka 2006. Golini alisimama Ali Al-Habsi, kijana aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na wakati huo alikuwa Bolton, Uingereza. Mashindano yote hakufungwa bao hata moja. Iraq walipigwa 4-0, Hassan Rabia akifunga matatu peke yake.

Fainali ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Januari, Uwanja wa Sultan Qaboos pale Bausher, dhidi ya Saudia. Muda ukaisha 0-0. Zikaja penalti, hadi Oman ikashinda 6-5, Mohammed Rabia akipiga ile ya mwisho. Lilikuwa kombe lao la kwanza, baada ya miaka 35 ya kushiriki.

La pili walilichukua Kuwait mwaka 2018, kwa penalti tena, safari hii wakilipiza kwa Falme za Kiarabu.

Kwa hiyo ukitaka kuanza mazungumzo, muulize jirani alikuwa wapi usiku ule wa 2009. Akiwa ni mtu mwenye asili ya Unguja, huenda akakusimulia kwa Kiswahili mpaka chai ipoe. Ila usianzie fainali ya Basra, Januari 2023, walipofungwa 3-2 na Iraq. Hiyo bado inauma.